“Delay” au “postpone”? Uliza kwanza nani kaamua

Kazi yangu ni kuhariri barua na taarifa za Kiingereza za watu ambao mchana kutwa wanazungumza Kiswahili. Vitenzi ninavyovikata kwa kalamu mara kwa mara ni “delay” na “postpone”. Wengi huviona pacha, kumbe kimoja kinaweza kumpotezea msomaji siku nzima.

Nikipata ujumbe “The meeting has been delayed”, nabaki ukumbini: kikao kipo, ila kitachelewa kuanza. Ukisema “postponed”, nabeba mkoba wangu naondoka, maana wenye kikao wamekiahirisha.

Kwa hiyo nikiwa na shaka huuliza: kuna mtu aliyeamua? Mvua, foleni au mtambo mbovu vinaweza “delay” jambo bila idhini ya mtu. Lakini mvua haiahirishi mechi. Anayeahirisha ni mwenye mamlaka nayo. Chukua CHAN 2024, michuano ya soka ya Afrika iliyoandaliwa na Kenya, Tanzania na Uganda. Ilipangwa kuanza Februari 2025, lakini Januari CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikatangaza kwamba itachezwa Agosti, kwa kuwa viwanja na miundombinu mingine vilihitaji muda zaidi. Hapo vitenzi vyote viwili vina kazi: “Preparations were delayed, so the tournament was postponed.” Maandalizi yalichelewa, mashindano yakaahirishwa.

Tazama pia neno linalofuata. “Delayed by two hours” inataja muda uliopotea. “Postponed until Friday” inataja siku mpya.

Sitaki kukudanganya kwamba mpaka huu ni ukuta. Waingereza wenyewe husema “We delayed the trip until June”, na ni sahihi kabisa, kwa sababu “delay” ni pana na hubeba hata ucheleweshaji wa makusudi. “Postpone” ndiyo yenye masharti. Ila vyote viwili vinagomea “to” mbele ya kitenzi kingine: andika “postpone going”, kamwe si “postpone to go”. Hili nalikuta hata kwenye barua za wakubwa.

Na ukiahirisha jambo, taja siku mpya hapohapo. Kama bado haijapangwa, andika “postponed until further notice”, kisha kaa karibu na simu, maana watakupigia.