Balbu moja inawaka, nyingine giza

Mwalimu wa Tanga, hiyo balbu haijaungua. Umeunga balbu mbili za tochi kwa mfuatano (umeme unapita moja, kisha nyingine, kwa njia moja), moja inawaka, nyingine giza, na vijana wanadai ya kwanza "imemaliza umeme". Zibadilishe nafasi mbele yao: itakayobaki giza ni ileile, hata ikitangulia. Kisha wasome maandishi kwenye shingo ya chuma. Mara nyingi utakuta moja ni volti 2.5, ampea 0.3, nyingine volti hizohizo, ampea 0.5. Mkondo wa umeme ni mmoja kwa zote mbili, ila ya 0.5 ina ukinzani mdogo, yaani inauzuia umeme kidogo tu, hivyo haipati joto la kutosha kuwaka. Tumia zinazofanana, na betri mbili za volti 1.5.

Na kwa hewa ya chumvi ya huko, piga msasa vibati vya holda za balbu kwanza, la sivyo utazilaumu betri bure.