Pombe na uzito: soma chupa kabla ya kulaumu chakula

Kalori za pombe mara nyingi haziandikwi kwenye lebo, lakini ujazo na asilimia ya kilevi vimo, na hivyo vinatosha. Zidisha mililita kwa asilimia, gawanya kwa 100, kisha zidisha kwa 0.8: umepata gramu za kilevi. Zizidishe kwa 7, kwa kuwa gramu moja ya kilevi ina kalori 7 hivi. Wanga na protini zina 4, mafuta 9.

Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina gramu 20 za kilevi, yaani kalori 140. Ongeza wanga uliobaki wa nafaka, unafika 200 na ushei. Anayepunguza kalori 500 kila siku amejinyima 3,500 kwa wiki. Akinywa bia nne Ijumaa na nne Jumamosi, karibu nusu ya jasho lake limerudi, na bado hatujagusa sahani.

Wapo wanaohamia pombe kali ili kukwepa kitambi. Toti ya mililita 30 yenye asilimia 40 ina kalori 67 tu, kweli, na haina sukari. Sasa imiminie soda ya mililita 300: zimeongezeka kama 120. Soda imeizidi pombe yenyewe! Changanya na maji yenye gesi na ndimu.

Mwili hauna ghala la kuhifadhi kilevi, hivyo ini hukishughulikia kwanza, na kuchoma mafuta kunasubiri. Kwa kawaida humaliza gramu 7 hadi 10 kwa saa; bia nne ni gramu 80, kazi ya usiku kucha. Kilevi chenyewe hakigeuki mafuta kwa wingi. Kinachojaza kiuno zaidi ni vya kukaanga vilivyoliwa pamoja nacho, ambavyo mafuta yake huwekwa akiba wakati ini lina shughuli nyingine.

Kosa baya zaidi ni kuruka mlo ili "kuacha nafasi" ya pombe. Tumbo tupu hupitisha kilevi upesi, kichwa kinalegea, na saa nne usiku mtu anaagiza chochote kinachonukia. Kula kabla ya kutoka: mayai, samaki au maharage, na mboga. Amua idadi ungali na akili zako, kata kiu kwa maji kwanza, na kila glasi ifuatwe na glasi ya maji. Usikubali kujaziwa glasi ambayo haijaisha, utapoteza hesabu.

Mizani ya asubuhi inayofuata usiiamini. Pombe hukojoza, basi uzito unaweza kushuka kwa maji tu. Kesho yake, chumvi ya vitafunio ikishayavuta maji, unapanda. Jipime asubuhi zile zile kila wiki, ulinganishe wastani. Usingizi wa ulevi nao ni mwepesi, na aliyelala vibaya huamka na njaa.

Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari azungumze na daktari kwanza, kwani pombe huweza kushusha sukari kupita kiasi, hata saa kadhaa baadaye. Na anayetetemeka au kutoka jasho asipokunywa asiache ghafla peke yake: anaweza kupata degedege. Huyo aende hospitali, habari ya kitambi itasubiri.