Taa zinawaka kupita kiasi, bomba la bafuni linapiga shoti

SWALI: Shikamoo fundi. Nakuandikia kutoka Ngamiani, Tanga. Tunakaa nyumba ya marehemu baba aliyoijenga mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wiki iliyopita usiku ulivuma upepo na mvua kubwa, tawi la mwembe likaangukia waya za barabarani. Tangu hapo taa za ukumbini zinawaka kwa nguvu mno, kisha zinafifia. Friji imeungua. Jana mwanangu kapigwa shoti akifungua bomba la bafuni. Fundi mmoja anasema nyumba nzima ivuliwe waya ziwekwe mpya, na anataka fedha zote kabla ya kuanza. Mwingine anasema breka, ile swichi inayojizima umeme ukizidi, ni ndogo, atatuwekea kubwa. Nimsikilize yupi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole kwa friji, na tumshukuru Mungu mtoto ni mzima. Kabla hujampa fundi yeyote jibu, zima swichi kuu sasa hivi, na bafu hilo asiingie mtu mpaka lipimwe. Mishumaa ya siku mbili si hasara.

Mna matatizo mawili. Moja limeletwa na tawi la mwembe. La pili lilikuwamo nyumbani kwenu siku nyingi, mmelijua sasa tu.

Nianze na taa. Waya za umeme wa majumbani zinazopita barabarani ni fezi tatu, yaani waya tatu zinazoleta umeme, na nyutro moja ya kuurudisha. Kati ya fezi na nyutro mnapata volti 230, ndizo za taa na friji. Kati ya fezi na fezi ni kama volti 400. Tawi likikata nyutro au likailegeza, umeme unakosa njia yake ya kurudi, basi unazunguka kupitia nyumba za fezi nyingine. Nyumba yenye vitu vichache vilivyowashwa hupata volti nyingi, yenye vitu vingi hupata chache. Jirani wa fezi nyingine akiwasha pasi, taa zako zinang'aa, akizima, zinafifia. Friji haiwezi kustahimili hayo. Nyutro ikilegea kwenye waya unaoingia kwako peke yako, na nyumba ni ya fezi moja, taa hufifia na kupepesa lakini hazizidi nguvu. Ndiyo maana nashuku barabarani.

Waulize majirani wa pande zote mbili. Wakiwa na shida hiyo hiyo, pigeni simu shirika la umeme, TANESCO, mtaje namba ya nguzo, na mwandike namba ya taarifa mtakayopewa. Kuanzia nguzoni mpaka kwenye mita ya LUKU ni kazi ya shirika. Akija mtu na ngazi yake akisema atawafungia nyutro nguzoni kwa hela ya chai, mfukuzeni. Huyo ni kishoka, fundi wa kujipachika asiyetumwa na shirika, na nimezika vijana waliokufa juu ya nguzo kwa kazi za namna hiyo.

Sasa bomba. Nyumba nyingi za umri huo Tanga, ethi, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme uliovuja, ilifungwa kwenye paipu ya maji. Wakati ule paipu zilikuwa za chuma, zimelala ardhini mtaa mzima, kwa hiyo umeme uliovuja ulikuwa na pa kwenda. Baadaye paipu za nje zikabadilishwa zikawa za plastiki. Plastiki haipitishi umeme. Kipande cha chuma kilichobaki bafuni bado kimeungwa na waya wa ethi wa nyumba nzima, ila hakifiki tena ardhini. Kitu chochote kikivuja, iwe friji iliyoungua au hita, umeme unakuja kukaa bombani kusubiri mkono. Kama nyumba yenu ina fimbo ya ethi, ile ya chuma inayochomekwa ardhini, nayo ichimbuliwe itazamwe, maana chumvi ya pwani huila mpaka hubaki uzi.

Sikiliza hapa vizuri. Hata fimbo mpya kabisa haitoshi peke yake. Tuseme ardhi yenu inatoa ukinzani, yaani kizuizi kwa umeme, wa omu 20, ambao si mbaya. Gawanya volti 230 kwa 20, unapata ampia 11 na nusu. Breka ya ampia 20 haitashtuka hata kidogo. Itakaa imewashwa huku bomba lina umeme. Kinachookoa mtu ni kifaa kinachoitwa RCD, cha miliampia 30, ambacho hukata mara tu kinapoona umeme uliotoka haulingani na uliorudi. Breka za kawaida na ubao wa zamani wa fyuzi za kufunga kiwaya havina kitu hicho. Ukiwa na fedha za jambo moja tu mwaka huu, fanya hilo: fimbo mpya na RCD.

Kuhusu mafundi wako. Huyo wa breka kubwa asirudi. Breka inalinda waya, na waya wa soketi wa milimita 2.5 za mraba hulindwa kwa breka ya ampia 20. Ukiweka ya 40, waya utachemka ndani ya dari na breka itanyamaza. Nyumba nyingi nilizoitwa baada ya moto, nilikuta breka iliyokuzwa au kiwaya cha fyuzi kilichosokotwa mara tatu.

Huyo wa kwanza huenda amesema kweli, lakini amejuaje? Waya za zama za baba yako baadhi zilivikwa mpira, na mpira wa umri huo ukiukunja unavunjika kama biskuti. Nyingine zilivikwa plastiki na huenda bado ni nzima. Rangi zitakuwa za zamani, nyekundu kwa laini na nyeusi kwa nyutro, na hilo peke yake si kosa. Nisichokiamini kabisa ni zile soketi ambazo kila mtoto wa nyumba alijiongezea chumbani kwake kwa kuunga na seloteipu juu ya dari. Mvua ikivuja kwenye bati, maji yanafikia hapo kwanza.

Kwa hiyo tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na maji, na uione kwa macho yako, usiambiwe ameisahau nyumbani. Muulize kama ana mega. Ni kipimo kinachosukuma volti 500 ndani ya waya kuona kama ganda lake linavuja. Vitu vyote vikiwa vimechomolewa, kila saketi, yaani kila mkondo wa waya unaotoka ubaoni, isipungue megaomu 1. Fundi asiyepima atakubadilishia waya nzima na kuacha ile mbovu. Mlipe kwanza ya kupima tu, akuandikie saketi moja moja: hii nzima, hii ibadilishwe. Hapo ndipo mnapatana bei. Vifaa nunua wewe, ukiwa na orodha yake, na umwombe muuza duka akwangue ncha ya waya: ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo si shaba tupu, rudisha. Malipo yaende kwa hatua, na sehemu ya mwisho ibaki mkononi mwako mpaka apime tena mbele yako na kubonyeza kitufe cha majaribio cha RCD ukiona inakata. Lakiri ya mita asiiguse.

SWALI: Fundi, sisi wa Mafia tangu Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 tukisikia upepo tunazima swichi kuu. Inatosha?

JIBU: Inasaidia, ila radi huruka pengo la swichi bila shida. Chomoeni friji na televisheni ukutani, pamoja na waya wa antena, na mfanye hivyo kabla radi haijakaribia, si wakati inapiga. Umeme ukirudi, washeni taa moja kwanza mwitazame kwa dakika chache. Ikiwaka kawaida, ndipo mrudishe friji. Na kama maji yaliingia ndani yakafika kwenye soketi, swichi kuu ibaki imezimwa hata kama ukuta unaonekana umekauka, mpaka fundi apitishe mega. Waya ulioanguka uwanjani msiusogelee wala kuusogeza kwa fimbo, na watoto wakae ndani mpaka TANESCO wafike.