Mabuu jichoni: maswali yenu na majibu

*Nachunga kondoo. Inzi alinipiga jichoni mchana, jioni likawa jekundu, nahisi kitu kinatembea. Nimenawa sana, hakitoki. (Makete)*

Maji peke yake hayatoshi. Huyo ni inzi wa pua ya kondoo, Oestrus ovis. Hatagi mayai; hupita akiruka na kukurushia mabuu hai wa kama milimita 1, wenye kulabu za kung'ang'ania. Nenda kwa daktari wa macho leo. Atadondosha dawa ya ganzi, ambayo pia huwalegeza mabuu, kisha atawatoa mmoja mmoja kwa koleo nyembamba huku akitazama kwa darubini. Mwombe aibinue kope ya juu. Mabuu hawa hukimbia mwanga, wakimulikwa hujificha huko, ndiyo maana wengine huambiwa ni mzio tu. Ukipewa mafuta ya antibayotiki tumia, na urudi baada ya siku 1 au 2 akague tena, kwani hata buu mmoja aliyesalia hukwaruza kioo cha jicho. Ile chupa ya ganzi usiende nayo nyumbani: ukiidondosha kila mara itaharibu kioo chenyewe.

*Tumbaku au mafuta ya taa je? (wengi)*

Hapana! Nimeshajibu, na bado mnauliza. Buu atatoka, jicho ulilounguza litabaki na kovu. Mkojo nao ni hivyo hivyo, unaweza kubeba kisonono hadi jichoni.

*Mwanangu ana jipu kwenye kope, lina tundu na ndani kunachezacheza. Nilikamue? (Kyela)*

Usikamue, buu akipasukia ndani kope itavimba zaidi. Kwenye zahanati wataziba tundu kwa mafuta mazito ya mgando, buu akose hewa, ajitokeze, avutwe. Huyu si inzi wa kondoo, ni wa aina nyingine anayetaga mayai. Chanzo ni nguo zilizoanikwa nje na inzi huyo akazitagia zikiwa mbichi. Piga pasi ya moto pande zote mbili, mishono na pindo hasa, bila kusahau nepi na foronya.

*Naweza kupofuka?*

Ni nadra. Buu wa kondoo hakui kwa binadamu, hufa ndani ya siku chache. Lakini ukianza kuona vimulimuli au giza upande mmoja, usilale nyumbani: huenda ameingia ndani ya jicho.

*Babu ana kidonda kwenye kope, kimejaa mabuu. Nimchome ivermectin ya ng'ombe, ile dawa ya minyoo na wadudu? (Mbarali)*

Usithubutu. Mpeleke hospitali leo hii, wapo mabuu wanaokula nyama hai na kufika tunduni mwa jicho. Daktari akiona inafaa atampa vidonge vya ivermectin vya binadamu, kwa kawaida mikrogramu 200 kwa kila kilo ya uzito, na bado kidonda lazima kisafishwe. Sindano hiyo wachomwe kondoo, kwa kipimo cha mtaalamu wa mifugo. Inzi wanaorusha mabuu jichoni walikulia puani mwao wakiwa mabuu.