Matembezi ya meli au kuzunguka wenyewe?

Dada, umeuliza iwapo wewe na mama yako, mtakapotoka Kisumu kwenda kupanda meli ya kitalii katika Bahari ya Mediterania, mnunue matembezi yanayoandaliwa na meli au mzunguke wenyewe. Mimi ningeamua bandari kwa bandari, nikitazama umbali kwanza.

Barcelona, ambako meli nyingi hutia nanga kilomita chache tu kutoka barabara ya La Rambla iliyo katikati ya jiji, umbali mfupi kwa basi au teksi, sioni haja ya kununua matembezi ya meli. Roma ni jambo jingine, kwa sababu meli haifiki Roma kwenyewe bali huishia Civitavecchia, na kutoka hapo ni takriban saa moja kwa treni. Nauli ya treni ni nafuu mno ikilinganishwa na matembezi ya meli, lakini migomo ya treni si jambo geni Italia, na meli si matatu ya Kondele ikusubiri hadi ijae. Basi la matembezi ya meli yenyewe likichelewa, kwa kawaida meli hulisubiri; mkichelewa wenyewe, mtajigharamia hadi bandari inayofuata. Kwa Roma, basi, ningelipa, hasa nikiwa na mzazi.

Santorini abiria hushushwa kwa boti ndogo, kisha hupanda mlimani kwa gari la kebo au kwa ngazi zinazokaribia 600. Ngazi hizo msimwonyeshe mama.

Popote mtakapozunguka wenyewe, fuateni saa ya meli, ambayo huenda ikatofautiana na ya mjini, na mpange kurudi saa mbili kabla ya muda wa mwisho.