Jibu: Ragtime, ule muziki wa zamani wa piano wa Marekani, inanisikikia kama muziki wa katuni, niisikilizeje?

Ndugu yangu, nadhani umewasikia wanaoipiga mbio. Scott Joplin mwenyewe, mtunzi maarufu wa ragtime, alichapisha onyo kwenye nota za vibao vyake kadhaa: usipige haraka. Tafuta rekodi ya mpiga piano Joshua Rifkin ya 1970, akipiga vibao vya Joplin, piano peke yake, mwendo wa taratibu. Anza na Maple Leaf Rag ya 1899. Mara ya kwanza fuata mkono wa kushoto tu: noti ya besi, kisha kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja), besi, kodi, kama mtu anayetembea bila papara. Ukirudia, fuata wa kulia, unavyotia mkazo katikati ya hatua, pale usipoutarajia. Hapo ndipo mimi niliponasa! Kisha nenda Solace ya Joplin ya 1909. Ina huzuni tamu, na haifanani kabisa na katuni.