Tangu nikatwe titi, tendo la ndoa limekuwa maumivu

SWALI: Nina miaka 54. Huu ni mwezi wa tano tangu nikatwe titi la kushoto, na kila siku nameza kidonge cha saratani, letrozoli. Kidonda kimepona, ila nikikutana na mume wangu nasikia kama nachanika. Naye ananishika kwa woga, anadhani atanitonesha au ataambukizwa. Nifanyeje?

JIBU: Dada, saratani ya titi haiambukizwi kitandani, mwambie hilo kwanza liishe. Kinachokuumiza huko chini, kwa dalili zako, huenda ni ukavu unaoletwa na kidonge. Letrozoli hushusha sana estrojeni, homoni ya kike ambayo ndiyo huupa uke ute na kuifanya ngozi yake isiwe nyembamba. Lakini kidonge usikiache.

Kuna vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Jeli ya kuupa uke unyevu, kama ile yenye asidi ya hailuroni, hutiwa usiku mara 2 au 3 kwa wiki, mkutane msikutane, na huchukua wiki kadhaa kufanya kazi. Kilainishi ni cha wakati wa tendo. Chagua cha maji au cha silikoni, kisicho na manukato wala cha kuleta joto. Mpake na mumeo pia, na cha maji kikikauka ongezeni. Mate hayatoshi, losheni huwasha, na mafuta ya nazi au Vaseline hupasua kondomu.

Halafu msiwe na haraka. Uke uliozoea kuumia hujibana hata kabla ya kuguswa. Anzeni na kidole kimoja chenye kilainishi huku ukishusha pumzi taratibu; ukisikia unabana, simameni hapo. Siku ya kuendelea, lala ubavu wa kulia, kumbatia mto mdogo kifuani, yeye awe nyuma yako. Uzito wake hautagusa kifua wala mkono wa kushoto.

Penye kovu neva zimekatwa, ndiyo maana pana ganzi au panachoma hadi kwapani. Shika mkono wake umwonyeshe pa kugusa na pa kuacha. Ukitaka kubaki na blauzi, baki nayo.

Usipopata nafuu, mweleze daktari wako wa saratani waziwazi. Anaweza kukubadilishia dawa. Krimu ya estrojeni usijinunulie: kiasi fulani huingia kwenye damu na kupingana na letrozoli. Ukitokwa na damu baada ya tendo, nenda hospitali.

Na nyinyi wadogo mnaomeza tamoksifeni, dawa nyingine ya saratani ya titi: kukosa hedhi si kinga ya mimba, na dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Tumieni kitanzi cha shaba au kondomu, si sindano, vidonge wala vijiti vya homoni.